Usukani Uliolala Upande

Fundi Sosthenes,

Shikamoo.

Nimeandika salamu hiyo nikasimamisha kalamu, nikasubiri. Kwa miaka kumi na moja nilikusalimia hivyo kila asubuhi hapa gereji, na kila asubuhi uliitika kwa namna yako: "Marahaba. Spana zipo?" Ulianza kuniuliza hivyo wiki yangu ya kwanza ya kujifunza ufundi kwako, niliposahau spana ya kumi na tisa juu ya injini ya lori la kahawa, likaondoka nayo mpaka Kamuli. Hukuacha kuuliza hata nilipokuwa fundi kamili mwenye wateja wangu. Nilikuwa naudhika sana. Leo ningetoa chochote niudhike tena.

Naandika nikiwa ndani ya pikapu yako, kwenye kiti cha dereva, mlango uko wazi. Ni asubuhi. Ukungu haujainuka bondeni, na hapa Nyaishozi hakuna sauti isipokuwa matone yanayodondoka kutoka kwenye mparachichi juu ya bati la gereji. Kahawa imechanua. Unaikumbuka harufu yake. Ulikuwa unazima injini yoyote unayoijaribu, unasema injini isubiri kwanza, halafu unasimama tu na kitambaa mkononi, macho umeyafumba, mteja akikutazama na kujiuliza kama amempa gari lake mtu mwenye akili timamu. Karatasi nimeiegemeza kwenye usukani. Umenyooka, Fundi. Usukani umenyooka, na ndiyo sababu nakuandikia.

Nianze na nyumbani, maana ungeanza kuuliza huko. Mkeo, Ma Leonia, mzima. Amepungua mwili, lakini bado anaamka kabla ya majogoo na bado ananisema kwamba natembea mbio. Kibanja chako cha migomba na kahawa kinapaliwa. Ule mgomba ulioupanda nyuma ya gereji, ambao nilikuambia hauwezi kuzaa kwenye udongo uliojaa oili, umezaa mkungu tulioubeba watu wawili. Nilimwambia Ma kwamba ndizi zile zitanuka dizeli. Alizipika na maharage, nikala sahani mbili.

Siku ulipofariki nilikuwa Kituntu, chini ya lori. Hilo hatujawahi kulizungumza, mimi na wewe, kwa sababu tangu hapo huzungumzi. Nilikuja kukuona hospitali siku tatu kabla. Nilikaa pembeni ya kitanda chako nikiwa na jambo mdomoni, jambo la miaka minane, na badala ya kulisema nikakueleza habari za mvua. Nilieleza mvua yote ya Karagwe, Fundi, kijiji kwa kijiji. Uliitikia kwa kichwa kila mvua iliponyesha. Kisha ukalala, nikaenda kupanda gari.

Tangu wakati huo nakuota. Ndoto ni ileile. Unaendesha pikapu ndani ya ukungu, barabara haionekani, mimi nimesimama nyuma kwenye bodi nagonga paa kwa kiganja. Usukani umelala upande kama ulivyokuwa siku zote. Unaushika taratibu kwa mikono miwili, na gari linakwenda bila sauti, linapita juu ya migomba, juu ya mabati, wala hugeuki. Nagonga, hugeuki. Naamka kiganja kinauma.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Pikapu ilibaki chini ya mparachichi tangu mazishi. Hakuna aliyethubutu kuigusa, na mimi ndiye niliyethubutu kidogo kuliko wote. Majani yalijaa kwenye bodi, kuku akatotolea humo, nyigu wakajenga vichuguu vyao vya udongo chini ya dashibodi. Wiki iliyopita Deo, mwanao, alikuja kutoka Mwanza kwa ajili ya misa yako ya mwaka. Alizunguka gari, akaingia, akashika usukani akauvuta. Haukugeuka hata kidogo. Akashuka akipangusa mikono, akasema hiki sasa ni chuma chakavu, na lori la kukusanya vyuma litapita Jumamosi, lichukue. Usimkasirikie. Ni mtu mwema, na kila akiitazama pikapu ile nilimwona anatazama pembeni haraka.

Ma Leonia alimaliza chai yake. Kisha akasema alikwenda kufunga ndoa kwa miguu, na hakulalamika. Lakini misa ya mume wake atakwenda kwa gari la mume wake. Deo akacheka kwa upole, akakubali jambo moja: lori likifika Jumamosi likakuta pikapu inatembea na kukata kona, itabaki hapa gereji, mikononi mwangu. Ikishindwa, inapakiwa. Halafu wote wawili wakanigeukia. Ilikuwa Jumatatu.

Injini haikunitisha. Unaijua ile, ilikuwa na wivu tu. Nilisafisha tangi, nikabadilisha mafuta, nikaazima betri, na Jumatano mchana ikakohoa, ikatoa moshi mweusi uliomkimbiza kuku na wanawe, ikawaka. Kilichonitisha ni usukani. Nilikuwa na sababu ya kuuogopa, na sababu hiyo ndiyo lile jambo lililonikwama mdomoni hospitali.

Unakumbuka mwaka wangu wa tatu. Uliniachia pikapu hii hii nishushe shafti ya usukani nibadilishe beringi iliyokuwa inalia, wewe ukaenda Kayanga kutafuta vipuri. Kabla hujaondoka ulisema maneno matatu, huku ukivaa koti: "Weka alama kwanza." Nilijua kwa nini. Usukani unakaa juu ya meno madogo ya shafti. Ukiurudisha ukaruka meno mawili, gari litakwenda vizuri tu, ila usukani utalala upande maisha yake yote. Kwa hiyo kabla ya kuuvuta unagonga doa moja kwenye usukani na doa jingine kwenye shafti, yatazamane, ili wakati wa kurudisha uyakutanishe.

Ulikuwa na panchi yako ya kugongea alama, ile iliyomeguka ncha, iliyoacha alama ndefu yenye mstari katikati, mfano wa punje ya kahawa. Niliitafuta kila mahali. Baadaye nikajua ilikuwa mfukoni mwa koti, imekwenda nawe Kayanga.

Mtu mwingine angesubiri, au angechukua msumari. Mimi nilikuwa mjanja. Nilikulia Kituntu, chini ya migomba. Mama yangu alinichapa zaidi kwa sababu ya utomvu wa ndizi kwenye sare ya shule kuliko kwa kosa lingine lolote, na nilikuwa na sketi moja yenye madoa meusi ambayo sabuni zote za dukani zilishindwa. Kama kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa na hakika nacho, ni kwamba utomvu wa mgomba hautoki. Nikaenda nyuma ya gereji, nikakata jani, nikadondosha utomvu kwenye usukani na kwenye shafti, mstari mmoja mzuri. Nikausubiri ukauke. Nilijisifu hata. Nikasema Fundi akirudi nitamfundisha.

Halafu nikafungua kila kitu, na kama ulivyonizoesha nikaosha kila kipande kwa petroli. Utomvu ukabanduka wote, ukaelea juu ya petroli kama ukoko wa uji. Nguo ya pamba inaunywa, Fundi. Chuma chenye grisi hakiujui.

Nikaurudisha usukani kwa macho. Ulirudi jioni, ukaijaribu mpaka barabara kuu, ukarudi, ukashuka, ukasema, "Imetulia," ukaenda kunawa. Mimi niliona. Magurudumu yalikuwa yamenyooka, na usukani umelala kushoto. Nilisema moyoni nitakuambia kesho.

Lakini siku iliyotangulia wewe mwenyewe ulikuwa umebadilisha rodi za magurudumu ya mbele, na rodi zikifungwa vibaya, usukani hulala vilevile. Kwa hiyo kesho yake nilipokuona umelala chini ya pikapu unazipima rodi zako, unazipima tena, nikaelewa kwamba unajishuku wewe. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu lenyewe, Fundi. Meno mawili ni uzembe tu. Lakini kukaa kimya nikuache ulale chini ya gari unatafuta kosa lisilo lako, hilo nilichagua. Niliogopa utanirudisha Kituntu. Wengi walikwisha kukuambia kwamba mwanamke hafai gereji, na mimi nilikuwa nimekupa ushahidi.

Wiki iliyofuata mteja mmoja wa Kamuli alipanda nawe, akauliza kama usukani umelewa rubisi. Watu wakacheka. Nawe ukajibu bila hata kuinua macho: "Nimeuweka hivyo mwenyewe. Naiona vizuri saa ya mwendo." Ile saa ilikuwa imekufa tangu uinunue! Nilidhani unaficha aibu yako ya rodi. Nilikuonea huruma. Unasikia? Mimi nilikuonea huruma wewe.

Ikawa hivyo miaka minane. Watoto wa Kamuli walikuwa wanainamisha vichwa upande pikapu ikipita. Nilisikia mafundi wa Omurushaka wakisema mkono wa Sosthenes umezeeka, gari lake mwenyewe limemshinda kunyoosha. Nilisikia, nikaendelea kunywa soda yangu. Nilijifunza kuendesha kwa usukani ule mpaka gari lenye usukani ulionyooka likawa linanishangaza. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo nilivyokuacha uondoke.

Basi Alhamisi asubuhi niliingia kazini. Nilitandika jani la mgomba kama ulivyonifundisha, lile bichi, pana, uti wake wa kati ukiwa ndio shafti, na kila kinachotoka kinapangwa kushoto au kulia kwa zamu yake. Nilitoa kifuniko cha honi. Nikalegeza nati kubwa. Na nikiwa nimeshika panchi yako, ile ile, ambayo Ma Leonia alinipa baada ya mazishi ikiwa imefungwa kwenye leso, nikasita. Sikugonga alama. Nilijiambia, kwa nini nitie alama kwenye kosa? Nitausafisha, nitauweka sawa, na hakuna atakayejua. Mpango wangu ulikuwa huo, nakuambia ukweli. Kunyoosha kimyakimya nilichopinda kimyakimya.

Usukani ulikataa kutoka kwa nusu saa. Kutu ilikuwa imejaa, na juu ya kutu udongo wa nyigu. Nilisikia sauti yako kabisa, "Mpola mpola," kwa Kinyambo chako cha kubembeleza vyuma, nikapunguza nguvu, nikagonga kidogo kidogo kuzunguka, na ukaachia. Nikatoa vifuniko, swichi ya indiketa, bolti chini ya dashibodi, kiungo cha chini kinachokwenda kwenye sanduku la usukani. Nikavuta bomba zima na shafti yake ndani, nikalilaza kwenye nyasi kando ya jani. Nilikaa hapo nikilitazama. Ni kitu kifupi sana, Fundi, kikiwa nje. Miaka yote ile, Kamuli, Kituntu, Bukoba kwa wakwe, harusi na misiba, mikono yako ilikuwa inaongea na barabara kupitia kipande hiki.

Na hapo ndipo nilipokosea la pili, maana uliweka jani lako juu ya pipa siku zote na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilikwenda kunywa maji. Niliporudi mbuzi wa Ma Leonia alikuwa anakula jani. Alishalivuta nusu, anatafuna taratibu, anatazama mbali. Nilipiga kelele mpaka Ma akatoka jikoni akidhani nimekatika kidole. Tulikusanya bolti, nati, vifuniko. Kilichokosekana ni pete nyembamba ya chuma inayozuia beringi isitoke mahali pake. Bila ile hakuna usukani, na ya namna ile haipatikani siku hizi. Tulipapasa nyasi mimi na Ma kwa magoti mpaka adhuhuri, yeye akinong'ona rozari na mimi nikinong'ona maneno mengine. Ma ndiye aliyeiona, ikiwa imeganda na mate ya mbuzi kwenye kipande cha uti wa jani. Akanipa akasema, "Waitu, Jovitha, hata mume wangu aliliwa jani mara moja tu."

Ijumaa nilipanda bodaboda mpaka Omurushaka, nikapata beringi. Mvua nyepesi ilinishika njiani na sikujali. Niliporudi, nikakaa chini ya bati na beseni la petroli, nikaanza kuosha. Mvua ilikuwa inadondoka, harufu ya kahawa imelala chini kwa sababu ya maji, na mimi nasugua kwa brashi nikiwa nusu nimelala. Kutu ikatoka kwenye ncha ya shafti. Na chini ya kutu nikaona punje ya kahawa.

Niliigusa kwa ukucha. Ilikuwa imegongwa, imeingia ndani ya chuma. Nikachukua usukani, nikasugua katikati yake pale udongo wa nyigu ulipokuwa, na punje ya pili ikatokea.

Nilidhani ni alama ya zamani, ya kabla yangu. Lakini siku ile ya utomvu niliosha vyuma hivi kwa mikono yangu na havikuwa na alama yoyote. Nilishika shafti, nikavalisha usukani, nikakutanisha punje na punje. Kisha nikapima na kiungo cha chini kilivyokaa. Usukani ulilala kushoto. Meno mawili. Pale pale nilipouweka mimi.

Fundi, niliketi sakafuni.

Uliufungua. Siku gani sijui, ila nadhani najua. Nadhani ni ile mara nilipokwenda Kamuli siku mbili kutengeneza lori, na niliporudi honi iliyokuwa bubu mwaka mzima ilikuwa inalia. Nilikuuliza nani ameitengeneza, ukasema imejirudia yenyewe. Uliufungua, ukaona meno yameruka, ukajua si rodi zako. Ulikuwa na usukani mkononi. Kuunyoosha kulihitaji kuuinua na kuuzungusha upana wa ukucha. Badala yake ukachukua panchi, ukagonga alama kwenye kosa langu, ukaosha, ukakausha, ukalirudisha kosa langu mahali pake kwa uangalifu, usikosee hata jino moja.

Nilikwenda jikoni na usukani mkononi. Ma Leonia alikuwa anamenya ndizi. Alitazama usukani, akatazama uso wangu, akaendelea kumenya. Kisha akaniambia kwamba alikuuliza siku ile ile, kwa sababu alikuwa amesimama dirishani anakuona. Na wewe ulimjibu: "Nikiunyoosha, watu watauliza nani aliupinda."

Nililia, Fundi. Nililia huku nimekumbatia usukani, Ma akinisogezea beseni la maganda nisidondoshee machozi kwenye ndizi zake. Nililia kwa hasira pia. Ungeniambia! Mara moja tu, hata kwa kunitania, ungeniambia kwamba unajua, tungecheka, ningekuomba radhi ukiwa na masikio ya kusikia. Ulinisubiri mimi niseme, siyo? Ulinisubiri miaka mingapi, na hata hospitali, ukiitikia kwa kichwa habari za mvua.

Nilipanga kila kitu upya juu ya pipa. Beringi ikaingia, shafti ikaingia, pete ikaketi na mlio wake ule mdogo unaoupenda. Jumamosi asubuhi nilibaki na usukani tu mkononi na uamuzi mmoja. Ningeweza kukutanisha punje zako, pikapu ibaki kama ulivyotaka. Deo asingejali, na mimi ningebaki salama ndani ya uongo wako mzuri. Au niunyooshe, na watu waulize.

Nikaunyoosha. Niliuinua, nikauzungusha upana wa ukucha, nikaushusha kwenye meno. Halafu nikachukua panchi yako nikagonga alama mpya, moja huku na moja kule. Zangu sasa zinatazamana. Za kwako nimeziacha, zimepishana kidogo, na atakayefungua baada yangu atajiuliza.

Lori la vyuma lilifika saa nne. Nilikuwa barabarani tayari. Nilikata kona kulia, nikakata kona kushoto, nikamzunguka dereva wa lori mara mbili mpaka akaanza kucheka, akapiga honi, nami nikapiga honi yako. Deo alisimama mlangoni mwa gereji amekunja mikono. Aliinua kidole gumba, kisha akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu.

Jana Jumapili ndiyo ilikuwa misa. Ma Leonia alivaa kitenge chake kipya, akaketi mbele, na Deo akapanda kwenye bodi, nyuma, mahali pangu pa ndotoni. Tulipoanza kutoka, ukungu ulikuwa bado mzito. Na hapo likatokea jambo. Mikono yangu haikujua kwamba usukani umenyooka. Miaka minane ilizoea kuushika umelala kushoto, na ilipoushika hivyo kwa mazoea, gari likaacha njia pole pole, likaelekea kushoto, likaingia kwenye kibanja chako, majani ya migomba yakitupapasa madirishani. Nilifunga breki. Tulikuwa mbele ya kaburi lako, hatua chache tu. Niliona msalaba kupitia kioo, umelowa umande.

Injini ilinguruma peke yake. Kisha Ma Leonia akafungua dirisha, akakuambia, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeaga anapokwenda sokoni, "Tunatangulia kanisani." Akaniambia nirudishe gari nyuma.

Baada ya misa watu walijaa kuizunguka pikapu. Uliwahi kuwa na wateja wengi kuliko ulivyojua. Yule wa Kamuli alikuwepo, yule wa rubisi, mvi tupu sasa. Aliingiza kichwa dirishani, akashangaa, akasema kwa sauti kwamba Jovitha amemshinda mwalimu wake, amenyoosha kilichomshinda marehemu. Watu wakanishangilia. Hicho ndicho ulichokuwa unaogopa, Fundi, ila kilikuja kimegeuzwa: walikuwa wananisifu mimi kwa kukushusha wewe.

Nilipanda kwenye bodi ili wote wanione. Nilisema usukani huu niliupinda mimi, mwaka wangu wa tatu, kwa sababu nilitia alama ya utomvu wa mgomba. Nilisema Fundi Sosthenes alijua, aliufungua akaona, akaurudisha umepinda ili nisichekwe, akabeba lawama yeye. Kisha mama mmoja nyuma kabisa akauliza, "Utomvu? Kwenye chuma?" na wakaangua kicheko wote pale mbele ya kanisa, padri naye amejishika ubavu, na mimi nikacheka nao huku nalia. Yule mzee wa Kamuli hakucheka. Alivua kofia yake, akaweka kiganja juu ya boneti ya gari lako, akakiacha hapo.

Mchana wa jana nilipitiwa na usingizi hapa hapa kitini. Ndoto ilikuja, ukungu, migomba chini yetu, mimi nimesimama kwenye bodi. Safari hii sikugonga paa. Usukani ulikuwa umenyooka mbele yako, nawe ukageuka, ukanitazama kupitia kioo cha nyuma. Uliuliza swali lako. Nikaamka kabla sijajibu.

Ndiyo maana nimeandika barua hii. Nakuahidi: atakayekuja kujifunza kwangu akikosea, nitamwambia siku hiyo hiyo kwamba nimeona, kisha nitambebea kama ulivyonibebea. Na mimi nikikosea, sitasubiri mvua. Pikapu itakwenda barabarani, itampeleka Ma misa kila atakapotaka, na mikono yangu itajifunza. Lakini nikipita hapo mbele ya kibanja siku za ukungu, ikijisahau ikavuta kushoto kidogo, sitaisahihisha haraka.

Pumzika, Fundi.

Spana zipo. Nimezihesabu, zote zipo. Hata ile pete.

Wako,
Jovitha